Chaji ya kushikilia ni nini, na chaja ya betri kavu ndogo inajengwaje

Juzi ami yangu alinijia na betri yake mkononi, zile ndogo nyeusi za volti 12, ampia-saa 7 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), zinazokaa ndani ya alam na UPS, yaani boksi la kushikilia kompyuta stima ikipotea, yeye huitumia kwa taa akienda kuvua usiku. Ubavu umefura kama mahamri. Nikamuuliza, ami, hii umeichaji na nini? Akanambia na chaja ya laptop, ameunga waya moja kwa moja, nyekundu kwa nyekundu, akaiacha usiku kucha na mchana wake kwa sababu alitaka ijae sawasawa. Betri haijafika hata miezi sita. Iliniuma kwa kweli, maana pesa ya betri ni samaki wengi, na kosa lenyewe ni kitu kimoja tu ambacho mtu hajaelezwa.

Kitu hicho ndicho chaji ya kushikilia. Maana yake ni volteji moja isiyopanda wala kushuka, ambayo betri ikishajaa itapokea umeme kidogo mno, ule wa kufidia tu kinachopotea chenyewe ndani, basi, hata ukiiacha hapo mwezi mzima haidhuriki. Kwa betri kavu ya volti 12 ni kati ya volti 13.5 na 13.8 kukiwa na joto la digrii 25. Angalia ubavuni mwa betri yako, mara nyingi imeandikwa hapo pembeni ya maneno standby use, na chini yake kuna cycle use yenye namba kubwa zaidi, 14.4 hadi 15, hiyo ni ya kujaza haraka halafu unatoa, si ya kuacha.

Sisi watu wa Lamu hili tunalielewa vizuri tukifikiria maji. Chukua kidimbwi kule mikokoni, maji yakijaa yanaingia kwa kasi kwa sababu bahari iko juu na kidimbwi kiko chini, kadiri viwango vinavyokaribiana kasi inapungua, mwisho vikilingana maji yanasimama, hakuna aliyefunga mlango. Volteji ya chaja ndiyo urefu wa bahari, ampia ndiyo kasi ya maji. Betri iliyoisha ikiwekwa kwenye 13.6 inavuta sana mwanzo, halafu inavuta kidogo, halafu inabaki na milliampia chache tu, yenyewe. Ukiiwekea 19 ya laptop umeiletea bamvua lisilopwa, viwango havitalingana kamwe na umeme utaendelea kuingia hata kama betri haina pa kuuweka.

Na ule umeme usio na pa kwenda unafanya nini? Betri hii ina vyumba sita vya volti 2 na kitu, sahani za madini ya risasi na asidi, jambo lile lile alilogundua Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, tofauti ni kwamba asidi imenyweshwa ndani ya kitambaa cha nyuzi za kioo au imegandishwa kama jeli, ndiyo maana tunaiita kavu ijapokuwa si kavu. Volteji ikipita kiasi cha 14.4 hivi maji ya ndani yanaanza kupasuka kuwa haidrojeni na oksijeni. Gesi kidogo inarudi kuwa maji humo humo, lakini ikizidi, vali ndogo zilizo chini ya kifuniko zinaachia, gesi inatoka, na haya maji huwezi kuyarudisha kama ungefanya kwa betri ya gari ya zamani. Inakauka, inapata moto, inafura. Haidrojeni nayo inalipuka, kwa hivyo usichaji kwenye kabati lililofungwa wala karibu na jiko.

Sasa chaja. Nilimwambia ami chaja ya laptop asiitupe, ni chanzo kizuri sana, inatoa volti 19 zilizotulia na stima ya ukutani inabaki ndani ya boksi lake bila ya wewe kuigusa, sipendi mtu anayeanza kufungua transfoma ya volti 240 peke yake. Kinachokosekana ni kitu cha kati cha kusema simama hapa. Kitu hicho ni IC, yaani chipu ndogo ya kielektroniki, ya LM317, ya kawaida kabisa, miguu mitatu: wa kuingiza, unaopokea chanya ya chaja ya laptop, wa kutoa na wa kurekebisha. Inajitahidi daima kuwe na volti 1.25 kati ya mguu wa kutoa na mguu wa kurekebisha, kwa hivyo ukiweka hapo resista (kipande cha kuzuia umeme) ya ohmu 240, halafu kutoka mguu wa kurekebisha kwenda hasi ukaweka ya ohmu 2,200 ikifuatana na ile ya kuzungusha ya ohmu 500, unapata popote kati ya volti 12.7 na 15.3 kwa bisibisi tu. Baada ya mguu wa kutoa weka daiodi ya 1N4007, inayopitisha umeme upande mmoja tu, ielekee betri, la sivyo stima ikipotea, na hapa inapotea, betri itaanza kurudisha umeme nyuma kwenye chaja. Daiodi inakula kama volti 0.7, kwa hivyo pima upande wa betri, baada ya daiodi, na hapa wengi wanakosea: kabla hujapima weka resista ya kilo-ohmu 1 mahali pa betri, kwa sababu mita peke yake inavuta umeme mdogo mno na itakudanganya.

Bado ampia. Betri iliyoisha itataka kuvuta nyingi, na hii ya ampia-saa 7 mwisho wake ni kama ampia 2.1, mimi napenda karibu na moja ya kumi ya ile 7, yaani ampia 0.7. Weka resista ya ohmu 1, wati 2, kati ya hasi ya betri na hasi ya chanzo, na transista ya 2N2222, yenye miguu mitatu nayo: besi kwenye hasi ya betri kupitia ohmu 100, emita kwenye hasi ya chanzo, kolekta kwenye mguu wa kurekebisha. Umeme ukifika ampia 0.6 hivi transista inafunguka, inavuta ule mguu chini, volteji inashuka mpaka betri itulie. IC itatoa joto la wati 4 mwanzoni, ifunge kwenye bati la aluminiamu la ukubwa wa kiganja, na kumbuka mgongo wake umeungana na mguu wa kutoa, bati lisiguse kitu kingine. Fyuzi ya ampia 2 karibu na betri pia, betri ndogo kama hii waya zikigusana inatosha kuchoma nyumba.

Jambo ambalo halisemwi sana ni joto letu. Ile 13.8 ni ya digrii 25, na kila digrii inayozidi unatakiwa upunguze kama volti 0.02. Chumba chini ya bati hapa kinafika 32 bila taabu, hiyo ni 0.14 ya kupunguza, ndiyo maana mimi naseti 13.6 na kuacha hapo. Na iweke chini, penye kivuli, kwa sababu joto likipanda digrii 10 umri wa betri unapungua kama nusu.

Ubaya wa 13.6 ni uvivu, betri iliyoisha kabisa itakaa usiku mzima na zaidi, kwa mtu wa kuvua kila siku ni lazima aichomeke akirudi tu asubuhi, asingoje magharibi. Tena kuichomeka mapema kuna faida nyingine, betri ya risasi ikilala tupu salfeti inaganda kwenye sahani na wiki chache tu zinatosha uwezo upungue usirudi.

Ile ya ami tuliipima, bila kazi 12.6, taa kuwaka ikaanguka mpaka 9. Nikamwomba asiipasue atoe risasi ya kutengeneza chubwi za nyavu kama anavyofanya jirani, kwa sababu vumbi la ile risasi linaingia kwenye damu ya watoto, mtaa wa Owino Uhuru pale Mombasa watu waliumia na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri mpaka mwaka 2020 korti ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Ipelekwe kwa wanaonunua betri mbovu ikiwa nzima. Mpya ameinunua wiki iliyopita, na jana usiku nilipopita mita ilikuwa inasoma 13.6 na milliampia 12.