Hekalu la Jino, Kandy: mambo yanayosemwa na yalivyo kweli

Karibu kila anayepanga safari ya Sri Lanka anaiweka Kandy kwenye ratiba, na ukifika Kandy huachi kupita Sri Dalada Maligawa, lile hekalu linalotunza jino la Buddha. Sasa kinachoniuma ni kwamba mtu anasafiri mbali kote huko halafu anatoka amenuna, kisa aliambiwa mambo ambayo hayapo.

Kubwa kuliko yote ni hili, eti ukikata tiketi unaliona jino. Hulioni jamani. Jino limewekwa ndani ya makasha saba ya dhahabu, kasha ndani ya kasha, na wewe unapita mbele ya mlango unaona lile la nje tu, tena sekunde chache huku foleni inakusukuma. Na huo mlango haukai wazi kutwa, unafunguliwa wakati wa puja, yaani ibada, mara tatu kwa siku: alfajiri, halafu kama saa tatu na nusu asubuhi, halafu kama saa kumi na mbili na nusu jioni. Ukienda saa nane mchana utaona ukumbi na mlango uliofungwa, basi. Jino lenyewe huonyeshwa kwa nadra sana, mwezi wa nne 2025 lilionyeshwa na kabla ya hapo ilikuwa 2009. Mimi nakwambia nenda puja ya jioni, fika mapema usimame pale chini wapiga ngoma wanapoanza, wamevaa nyeupe na mikanda myekundu, na mabibi wanapita na wajukuu wao wamebeba maua, wengine wamekaa chini kwenye sakafu wanasoma dua zao kimyakimya. Hicho ndicho cha kwenda kuona, watu wanaabudu pale kila siku, sio makumbusho.

Hata kwenye Esala Perahera, yale maandamano makubwa ya mwezi wa saba au wa nane, watu wanasema tembo anabeba jino mgongoni. Anabeba kasha, lakini jino linabaki hekaluni. Tembo maarufu kuliko wote alikuwa Raja, alibeba kasha hilo miaka mingi mpaka akafa 1988, na mwili wake umekaushwa, uko hapohapo kwenye eneo la hekalu, unaweza kumuona.

"Jino la kweli Wareno walilichoma zamani." Hapa kuna ukweli nusu. Wareno waliteka jino huko Jaffna, kaskazini mwa Sri Lanka, mwaka 1560, wakalipeleka Goa, makao yao makuu kule India, mfalme wa Pegu (Myanmar ya leo) akataka kulikomboa kwa mali nyingi, askofu mkuu akakataa na likateketezwa hadharani. Ni utawala uleule wa Goa ambao baadaye ulijenga Fort Jesus pale Mombasa, kwa hiyo sisi wa pwani tunawajua. Lakini Wasinhala, kabila kubwa la Sri Lanka ambao wengi wao ni Wabudha, wanashikilia kwamba lile lilikuwa la bandia na la kweli lilikuwa limefichwa, na imani hiyo ndiyo iliyolifanya jino liwe alama ya ufalme: aliyekuwa nalo ndiye aliyehesabika mfalme. Kwa hiyo usiende kubishana na mwenyeji mlangoni, sio adabu.

Halafu wapo wanaodhani jengo ni la enzi za Buddha mwenyewe. Hapana, hekalu la kwanza la jino pale Kandy ni la mwisho wa miaka ya 1500, sehemu ya pembe nane iliyo mbele ni ya mfalme wa mwisho kabla Waingereza hawajaichukua Kandy 1815, na paa la dhahabu ni la 1987 tu. Januari 1998 lori la mabomu lililipuka mbele ya mlango, watu wakafa, uso wa hekalu ukaharibika vibaya, likajengwa upya. Ndiyo maana mnakaguliwa getini, msikasirike.

Kuhusu mavazi, sio lazima nyeupe, ila mabega na magoti yafunikwe na viatu uvue (beba soksi, mawe yanachoma mchana). Kanga au kitenge kinatosha kabisa.

Picha zinaruhusiwa, lakini usimpe Buddha mgongo ili upige selfi. Wanaosema ni ushamba tu wa wenyeji hawajui kwamba 2012 Wafaransa watatu walihukumiwa kifungo cha nje kwa picha walizopiga na sanamu, mmoja akiibusu. Na 2014 mtalii Mwingereza alirudishwa kwao kwa tatuu ya Buddha mkononi, ingawa 2017 mahakama ilisema haki zake zilivunjwa ikaamuru alipwe fidia. Kama una tatuu ya aina hiyo ifunike tu.

Na Muislamu au Mkristo akiuliza kama kuingia ni kuabudu, hapana, hakuna anayekulazimisha kuinama wala kutoa maua, simama pembeni kwa heshima inatosha. Wala Wabudha sio watu wa mbali hivyo, Wasinhala wana hekalu lao Dar es Salaam zaidi ya miaka mia sasa.

La mwisho, watu wanakwepa siku ya poya, mwezi mpevu, wakidhani kila kitu kimefungwa. Pombe kweli haiuzwi siku hiyo, lakini hekalu liko wazi na limejaa familia zilizovaa nyeupe. Foleni itakuwa ndefu, nenda na maji.