Mbwa wenu hana kichaa, ana usingizi

Simu iliingia saa moja jioni, nikiwa bado navua buti mlangoni. "Daktari, njoo upesi, mbwa wetu amepata kichaa!"

Kwa yule mama ulikuwa msemo tu. Kwangu mimi, daktari wa mifugo, neno hilo halina utani. Nikaanza maswali: anakula? Anakunywa? Mate yanamtiririka? Sauti imebadilika? Amewahi kung'atwa na mbwa wa nje? Majibu yakaja moja moja. Amekula ugali na dagaa, bakuli la maji amelimaliza, hajawahi kutoka nje ya geti. Sasa hivi anaizunguka meza ya sebuleni mbio na kandambili ya baba mdomoni, akichoka na kandambili anarukia soksi za mtoto, kisha anaanza tena. Jina lake Bosi, umri wiki 10.

"Leo amelala saa ngapi, mama?"

"Kulala? Watoto wamefunga shule, Daktari. Wamecheza naye tangu asubuhi."

Basi. Bosi hakuwa na kichaa, alikuwa hoi kwa uchovu.

Wengi hawaniamini ninaposema hivi. Mbwa anayeruka-ruka huonekana ana nguvu zimemzidi, kwa hiyo dawa iwe kuzimaliza. Baba anavaa raba, anamkimbiza mtaani mpaka ulimi unaning'inia, wanarudi, na baada ya nusu saa vurugu ni zilezile au zimeongezeka. Mtoto wa mbwa wa umri wa Bosi anahitaji kulala kama saa 18 hadi 20 kwa siku. Asipozipata, hakai akapiga miayo kama mimi na wewe. Anakuwa kama mtoto wa miaka mitatu aliyepelekwa harusini: saa nne usiku anakimbia katikati ya viti, anacheka, analia, anampiga binamu yake, na shangazi wote wanasema kwa sauti moja, "Huyu ana usingizi." Kwa mtoto wa mtu tunaliona hilo mara moja. Kwa mtoto wa mbwa tunatafuta fimbo.

Hizo mbio za mtaani zina hasara nyingine. Mifupa yake bado inakua, na kwa mbwa wenye miili mikubwa, Bosi akiwa na damu ya German Shepherd, inaendelea kukua hata baada ya mwaka. Kumburuza kilomita kadhaa kwenye lami ni kumtafutia maumivu ya viungo ukubwani.

Kipimo ninachowapa watu ni rahisi: akikaa macho saa nzima, apumzishwe mbili. Apumzishwe, kwa sababu mwenyewe hatalala wakati watoto wanapita na mpira. Kwa akina Bosi tulitumia boksi la televisheni, likalazwa ubavu kwenye kona ya jikoni, ndani kanga kuukuu ya mama, mbele kitambaa kinachoning'inia nusu. Anatolewa kwanza nje akojoe, anarudishwa, anarushiwa kipande cha chakula ndani, na watoto wanapewa amri ya kutopita upande ule. Baba alipendekeza mnyororo. Nilikataa. Mnyororo unamwacha aone kila kitu asifikie chochote, na hapo ndipo mbwa wengi wanapojifunza kubweka bila kukoma.

Sasa, kama mmechelewa na ameshapagawa? Tazameni mikono yenu. Anaruka, unamsukuma, kwake huo ni mchezo, na anarudi. Mtoto anapiga kelele na kukimbia. Huo ni mchezo mtamu zaidi. Unamfokea, anaona na wewe umejiunga kubweka. Niliwafundisha wale watoto kuwa mgomba siku isiyo na upepo: miguu imetulia, mikono kifuani, macho juu, kimya. Mdogo alikuwa hodari kuliko baba yake. Bosi akishusha miguu yote minne chini, ndipo anasemeshwa, kwa sauti ya chini.

Jiandaeni, siku tatu nne za kwanza ataruka zaidi. Mbinu iliyomfaa siku zote imegoma, anaikazania. Familia nyingi hukata tamaa hapohapo, mmoja anamwinua "leo tu", na Bosi anajifunza kwamba ukisumbua muda mrefu wanadamu husalimu amri.

Kuna jambo dogo ambalo karibu kila nyumba hulisahau. Akitulia, tunashukuru Mungu na kumwacha. Akivuruga, nyumba nzima inamgeukia. Geuzeni. Ukimkuta amelala chini peke yake, pita mdondoshee punje ya chakula puani bila kusema neno.

Kutafuna na kunusa pia humtuliza. Umri huu ana meno 28 ya utotoni, makali kama sindano, na kuanzia kama miezi minne yatang'oka kupisha 42 ya ukubwani, fizi zitawasha. Taulo kuukuu lililoloweshwa, likasokotwa na kuwekwa friza, linatosha. Au mwage kiganja cha chakula chake kwenye majani uani atafute kwa pua. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, hupasuka na kuchoma tumbo. Nimeshaombwa dawa ya usingizi, na nimeshaulizwa kuhusu pilipili pia, eti kumlisha akomae. Yote mawili jibu langu ni fupi, wala si la kuandika hapa.

Nirudi kwenye neno lililonitoa jasho. Yule mtoto mwenye soksi alikuwa na mkwaruzo wa jino kifundoni. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia kama miezi mitatu, kwa hiyo Bosi alikuwa bado. Nikawaambia waoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha usiku uleule wampeleke hospitali, daktari wa watu aamue. Mama aliona navuka mpaka; mkwaruzo wenyewe hata damu ulitoa kidogo sana. Ugonjwa ule dalili zikishaanza hauna tiba, ndiyo maana sibishani na ukubwa wa jeraha. Na kama mbwa wenu amebadilika ghafla, anashindwa kumeza, mate yanamtoka, anang'ata mawe na vijiti, amejificha gizani, hapo hakuna boksi wala mgomba. Mfungieni alipo, msimguse, mpigeni simu daktari.

Bosi nilimwona tena wiki tatu baadaye alipoletwa kwa chanjo. Alilala juu ya kiatu changu wakati naandika kadi. Mama alikuwa anacheka. Baba ndiye aliyekuwa na malalamiko: "Daktari, sasa amepoa mno. Jana kapita fundi bomba, hata hakubweka. Huyu atalinda kweli?"

Nikamwambia ana wiki 13, na kwamba habari za ulinzi tutazungumza akishamaliza kubadilisha meno.