Fremu ya chuma hapa Mombasa: ondoa chumvi kabla ya kufikiria rangi

Mteja akileta fremu ya baiskeli huuliza rangi gani itapendeza. Mimi humuuliza baiskeli inalala wapi. Inayolala Likoni au Nyali, upepo wa bahari ukiipiga usiku kucha, haiozi sawa na ya Mariakani, mbali na bahari. Chumvi hushika kwenye chuma na huvuta unyevu. Ukiipakia rangi juu, huendelea kuvuta maji hata ikiwa imefunikwa, na baadaye unaona malengelenge. Hapo watu hulaumu duka la rangi, na mara nyingi duka halina kosa.

Anza na sumaku. Isiposhika, mara nyingi hiyo ni aluminiamu na maelezo haya si yake: kostiki soda, ambayo hubandua rangi kwenye chuma bila kukidhuru, huila aluminiamu. Kisha vua kila kitu, hadi vikombe vya gololi vya kwenye besi ya pedeli, pale ekseli ya pedeli inapopita. Kwenye baiskeli nyingi za mtindo wa Kiingereza, kikombe cha upande wa cheni hufunguliwa kwa kuzungusha kulia. Nimeshaletewa vilivyopigwa nyundo na mtu asiyejua hilo.

Dawa ya kubandua rangi ipake nene, ufunike kwa nailoni ya ujenzi isikauke kwa joto letu. (Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, lakini nailoni ya kutandika chini ya sakafu bado inauzwa.) Soma kopo kwanza. Dawa yenye methilini kloridi imeua watu waliofanya kazi vyumbani, ndiyo maana Marekani ilizuia isiuzwe kwa matumizi ya nyumbani mwaka 2019. Fanyia nje, na glavu nzito. Baiskeli ya zamani sana huenda rangi yake ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo piga msasa wa maji ili vumbi lisiruke.

Grainda siipendi. Bomba za fremu nzuri, pale katikati, hazifiki unene wa milimita 1, na diski ikiteleza kidogo tu umeshakula chuma ambacho hakirudi. Kwenye maungio tumia brashi ya waya na vidole vyako, polepole.

Sasa ndipo penye kazi. Chuma kikibaki uchi, kioshe kwa maji matamu na sabuni, ukisuuza tena na tena. Nasema matamu kwa sababu visima vingi kisiwani ni vya chumvi. Ukioshea hayo umerudisha adui ndani. Nunua mtungi kwa mwenye mkokoteni. Kausha mara moja kwa upepo wa kompresa, ukifuata kila kona na kila tundu la skrubu, maana ukizubaa utaona wekundu wa kutu ukitandaa kama poda. Maliza kwa kitambaa cheupe chenye thina, ukibadilisha upande mpaka kitoke safi. Tangu hapo usishike fremu kwa mkono mtupu. Jasho nalo lina chumvi.

Kama kuna vishimo vya kutu, asidi ya fosfori husaidia, lakini isuuze yote, kwani praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kushika chuma, haikauki vizuri juu ya mabaki ya asidi. Praima hiyo iende siku hiyo hiyo.

Rangi ya juu ina wakati wake. Alfajiri chuma ni baridi na umande umelala juu yake. Mimi hupiga kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na masika siahidi mtu tarehe. Thina ya haraka ikiruka hupoza uso wa rangi, unyevu wa hewa unagandia hapo, na rangi inaingia ukungu mweupe. Omba thina ya polepole. Rangi ya kuchanganya na hadena (dawa ya kuigandisha) ina isosaianeti, kemikali inayoumiza mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Kama huna vifaa vya kupumulia, mpelekee fundi wa magari mwenye navyo.

Kutu ya ndani haionekani, nayo ndiyo hukata fremu. Rangi ikishakauka kabisa, mimina mafuta ya kitani ndani ya bomba, zungusha fremu kila upande, kisha itundike yachuruzike. Tundu dogo lililo chini ya besi ya pedeli ni la kutoa maji. Watu hulijaza pati wakidhani ni kasoro. Liache wazi.