UNICEF inatimiza miaka 80 na bado tunaichanganya

Desemba 11 mwaka 2026 UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, inafikisha miaka 80, na kila ikifika besdei yao mitandao inajaa logo ya bluu na picha za watoto wanacheka, hongera kila kona, ila ukimuuliza mtu hawa jamaa ni kina nani hasa na wanafanya nini, unapata majibu ya ajabu ajabu. Ngoja tuyapitie machache.

Kubwa kuliko yote ni hili la kwamba UNICEF ilianzishwa kulisha watoto wa Afrika. Hapana jamani. Mwaka 1946 vita ya pili ya dunia ndo imeisha juzi, Ulaya ni vifusi, watoto wa Poland, Ugiriki, Italia hawana maziwa wala viatu na baridi kali ndo hiyo inaingia, basi Umoja wa Mataifa ukapitisha azimio la kuanzisha mfuko wa dharura wa watoto, na mtaji wa kuanzia zikawa hela zilizobaki UNRRA, lile shirika la misaada ya vita lililokuwa linafungwa. Aliyeipigania hiyo hoja zaidi ni daktari wa Poland anaitwa Ludwik Rajchman. Mkurugenzi wa kwanza akawa Mmarekani Maurice Pate, naye akakubali kazi kwa sharti moja: watoto wa nchi zilizoshindwa vita nao wapewe. Ujerumani, Japani, hao hao. Hebu fikiria kulisema hilo mbele za watu mwaka 1947, makaburi bado mabichi.

Na logo yenyewe ya mwanzo haikuwa hii ya mzazi kamuinua mtoto, ilikuwa mtoto anakunywa maziwa kwenye kikombe, kwa sababu maziwa ya unga ndo ilikuwa kazi kubwa ya miaka ile. Kwa hiyo anayeona aibu kupokea msaada wao ajue waliotangulia kupanga foleni na kikombe mkononi ni Wazungu.

Wengine wanadhani ilipangwa tangu siku ya kwanza iwepo milele. Wapi! Ilikuwa ya muda tu, na mwaka 1950 ilibaki kidogo ifungwe, na waliokuwa wanasukuma ifungwe ni Marekani, tena msemaji wao alikuwa Eleanor Roosevelt, mama aliyeongoza kazi ya kuandika tamko la haki za binadamu, usiniulize. Hoja yao ilikuwa kwamba dharura ya Ulaya imeisha. Hapo ndo akasimama mjumbe wa Pakistan, Ahmed Bokhari, akawaambia kwamba hizo picha za watoto wa Ulaya waliokonda kwa vita mbona kwa watoto wa Asia ni hali ya kila siku, vita iwepo isiwepo. Ukumbi ukageuka. Ikaongezewa miaka 3, na 1953 ikafanywa ya kudumu, maneno "International" (kimataifa) na "Emergency" (dharura) yakatolewa kwenye jina ila kifupi UNICEF kikaachwa kama kilivyo kwa kuwa kilishazoeleka. Ndo maana ukikihesabu kifupi hicho leo herufi hazilingani na jina. Na ni kuanzia hapo kazi ikahamia kweli Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, kwenye vitu kama kampeni ya buba, ugonjwa uliokuwa unakula watu ngozi hadi mifupa na kumbe sindano moja tu ya penisilini inaumaliza.

Haya, hela. Watu wanaamini Umoja wa Mataifa unawakatia fungu kutoka kwenye ada za nchi wanachama, wao wanakaa New York wanatumia. Ukweli ni kwamba UNICEF haipati hata senti kwenye hizo ada, inaishi kwa michango ya hiari, serikali zinazotaka, makampuni, na watu wa kawaida tu. Mwaka 1950 kuna watoto wa Philadelphia, Marekani, walizunguka nyumba kwa nyumba siku ya Halloween, ile ambayo watoto wa kule huomba pipi kwa majirani, na badala ya pipi wakaomba sarafu, wanatia kwenye maboksi matupu ya maziwa, wakapata dola 17. Zikatumwa. Kadi za salamu nazo historia yake ni hiyo hiyo: binti wa miaka 7 wa Czechoslovakia, ambaye kijijini kwao walisaidiwa na UNICEF, alichora watoto wanacheza wakizunguka mlingoti, na alichora juu ya kipande cha kioo kwa sababu karatasi hazikuwepo. Mchoro huo ndo ukawa kadi yao ya kwanza, 1949.

Wapenzi wa mpira hapa mnisikilize. Ile jezi ya Barcelona ya 2006 yenye jina la UNICEF kifuani, kuna watu mpaka leo wanalalamika kwamba hela za watoto zilikwenda kulipia tangazo. Ni kinyume chake kabisa, Barcelona ndo walikuwa wanailipa UNICEF, euro milioni 1.5 kwa mwaka, na hiyo ni timu ambayo kwa zaidi ya miaka 100 ilikuwa haijawahi kuuza kifua. Nimebishana na watu sana juu ya hili, sitaki tena.

Kuna hii nyingine inayoniumiza, kwamba UNICEF inagawa ufadhili kwa mtu mmoja mmoja, au ina vituo vya yatima, au inatafutia watoto wazazi wa kuwaasili. Haifanyi hayo. Ukipata meseji ya WhatsApp kwamba umechaguliwa kupata fungu la UNICEF, tuma kwanza ada ya fomu, huyo ni tapeli. Kazi hivyo hivyo, hakuna hatua yoyote ya ajira yao inayolipishwa, si usaili si mafunzo. Hata kipindi cha korona, 2020, ilizunguka forwadi yenye jina lao inasema usile aiskrimu utajikinga, wakalazimika kutoka hadharani kuikana.

Tukija kwenye chakula, mtu akisikia UNICEF anawaza gunia la unga. Magunia kwa sehemu kubwa ni ya WFP, lile shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Chakula ambacho UNICEF ndo mnunuzi mkubwa duniani ni kile kifuko cha pesti ya karanga kwa watoto wenye utapiamlo mkali, gramu 92, kalori kama 500, ndani kuna karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Unakiminyaminya kwanza maana mafuta hupanda juu, unakata kona, mtoto ananyonya mwenyewe. Hakitaki maji, na siri yote iko hapo, kwa sababu zamani mtoto wa namna hiyo alitibiwa kwa maziwa maalumu ya kukoroga, maji yakiwa machafu umemmaliza, ikabidi alazwe wiki na wiki na mama aache wengine nyumbani. Sasa wengi wanatibiwa wakiwa kwao. Ila sio vitafunwa vya kugawana na kaka zake, ni dozi, inapimwa kwa uzito wa mtoto kama dawa nyingine.

Mwisho tarehe. Novemba 20 ni Siku ya Mtoto Duniani, Juni 16 ni Siku ya Mtoto wa Afrika kwa kumbukumbu ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, 1976, na Desemba 11 ndo besdei ya UNICEF, msichanganye keki. Hiyo Novemba 20 ndo siku ulipopitishwa Mkataba wa Haki za Mtoto, 1989, na watu hudhani nchi zote zimeuridhia. Bado moja. Somalia na Sudan Kusini waliingia 2015, aliyebaki ni Marekani, ambaye alisaini 1995 akaishia hapo hapo, wakati huo huo wakuu wa UNICEF kuanzia Pate mpaka Catherine Russell aliyeingia 2022 wote ni Wamarekani.