Kila mtoto awe na mtu mzima anayemjua: malezi katika shule ya msingi ya Kikatoliki kando ya ziwa

Shule nyingi za msingi za Kikatoliki huku kwetu Mwanza zina mwalimu wa malezi, zina sanduku la maoni ukutani, na zina Misa ya wanafunzi kila wiki. Hata hivyo unaweza kumkuta mtoto wa darasa la tatu ambaye tangu Jumatatu hadi Ijumaa hakuna mtu mzima aliyemtaja jina, ila wakati wa kuita mahudhurio. Mwalimu mmoja wa malezi hawezi kuwajua watoto 400. Kinachowezekana ni kuipanga shule ili kila mtoto awe na mtu mzima mmoja anayejua anakaa wapi, analelewa na nani na kawaida yake ikoje. Siku kawaida hiyo ikibadilika, huyo mtu atagundua.

Familia za shule

Familia hapa ni kikundi cha watoto wa madarasa yote chini ya mtu mzima mmoja. Napendelea familia za watoto 21: watatu kutoka kila darasa, la kwanza hadi la saba. Shule ya wanafunzi 420 inapata familia 20. Kama walimu ni 18, familia mbili zinazobaki apewe mhasibu, sista au mtunza stoo, mradi ni mtu wa kudumu pale shuleni. Familia ikizidi watoto 25 mkutano unageuka kipindi cha darasani. Ndugu wa tumbo moja wasiwekwe pamoja, japo wazazi huomba hivyo. Wakitengana, nyumba yao inafuatiliwa na watu wazima wawili, na wawili hao wanaweza kulinganisha wanachosikia.

Kila familia ina somo wake, yaani mtakatifu msimamizi. Chagua watakatifu ambao mtoto anajiona kwao: Kizito, mdogo kuliko wote katika mashahidi wa Uganda waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886, Josefina Bakhita, aliyetekwa utumwani huko Sudani angali mtoto, Dominiko Savio, aliyefariki kabla ya kutimiza miaka 15. Sikukuu ya somo, 3 Juni kwa Kizito au 8 Februari kwa Bakhita, familia husika isome masomo ya Misa na ipate andazi moja moja na uji wake. Ni gharama ndogo, na watoto wanaihesabia siku.

Mkutano ni mmoja kwa wiki, dakika 20, mara baada ya uji wa saa nne. Sala fupi, kisha kila mtoto anaitwa kwa jina na kusema jambo moja la wiki yake, hata kama ni "sina". Hapo zinakwenda dakika kama kumi. Mwalimu hahubiri. Zinazobaki ni za kazi: kumwagilia miche, kujaza maji vibuyu chirizi, kushona vifungo vya mashati. Mtoto akiwa na kazi mkononi husema mengi kuliko akiwa ametazamwa usoni, na ndiyo maana kazi isiondolewe hata muda ukibana.

Mpango huu huharibika kwa njia zinazojulikana. Mwalimu anaanza kuutumia mkutano kudai ada, na tangu siku hiyo wenye deni hawafungui kinywa. Au kipindi cha hisabati kilichokosekana Jumanne kinafidiwa hapo. Au darasa la saba wanaondolewa kwa ajili ya mtihani wa Septemba na familia inabaki bila wakubwa wake. Hili la mwisho dawa yake ni kuwakabidhi darasa la sita uongozi tangu Julai, wakubwa wakiwepo bado kuwaelekeza.

Watoto wasio Wakatoliki wapo, na ni wengi: Waislamu, Waadventista (Wasabato), waumini wa AIC (Africa Inland Church), Walutheri. Kengele ya saa sita ya Malaika wa Bwana ikilia, wanasimama kimya kwa heshima. Wasilazimishwe kufanya ishara ya msalaba wala kuongoza sala. Masomo ya ziada ya Jumamosi yanamweka mtoto wa Kisabato katika kuchagua kati ya mzazi na mwalimu, kwa hiyo yahamie siku nyingine jioni. Anayefunga Ramadhani asikimbizwe mchakamchaka.

Daftari dogo na mwezi

Rejista ya serikali inakuambia nani yupo na nani hayupo. Haikuambii aliyepo yuko katika hali gani. Pembeni yake mwalimu wa darasa awe na daftari dogo la mistari, majina upande wa kushoto, na herufi nne tu: C kachelewa, S kasinzia, B bila kula, U hajisikii vizuri au kajitenga. Siku isiyo na neno inaachwa wazi. Herufi moja ikijirudia mara mbili kwa wiki, mwalimu wa familia anazungumza na mtoto. Ikifika mara nne kwa wiki mbili, nyumbani patembelewe. Herufi zikiwa nyingi kuliko hizi, baada ya mwezi hakuna anayejaza.

Sasa, kwa shule zenye watoto wa mialo, yaani fukwe wanakoshushia samaki, kama Igombe, Kayenze au Kirumba, chora mstari mwekundu kwenye tarehe za mwezi mpevu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitanda, mwanga wa taa hauwavuti tena na mitumbwi inapumzika. Maisha ya nyumba yanafuata hapo hapo. Wakati wa giza baba yuko majini usiku kucha, mama yuko mwaloni kabla jua halijatoka kununua na kuanika, na mtoto wa darasa la tano ndiye anayewaamsha wadogo zake na kuwavalisha. Utaona C na S zikijaa. Wakati wa mbalamwezi wazazi wapo, watoto wanawahi, lakini mfuko umekauka: C zinapungua, B zinaongezeka.

Ukishauona mpangilio huo unajua la kufanya na lini. Mzazi mvuvi mtembelee wakati wa mbalamwezi, utamkuta ameketi anashona nyavu na ana muda wa kuzungumza. Kumbusho la ada lipelekwe giza likiwa katikati, wakati pesa inaingia. Na ambaye C zake haziufuati mwezi, yaani anachelewa giza na mbalamwezi, ndiye wa kumtazama kwa karibu, maana sababu yake si uvuvi.

Jambo moja la kalenda ambalo viongozi wa shule zetu hulisahau: Pasaka huangukia Dominika baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo Juma Kuu mitumbwi mingi ya dagaa haiendi majini. Mzazi wa mwaloni atakuja kwenye Njia ya Msalaba, lakini usimdai mchango wiki hiyo.

Kuzungumza na mtoto

Mahali pawe panaonekana na hapasikiki: chini ya mwembe mbele ya ofisi, au chumba ambacho mlango umeachwa wazi. Kaeni ubavuni, si kwa kutazamana juu ya meza. Usianze na "kwa nini". Mtoto akiulizwa kwa nini anatafuta jibu litakalokuridhisha. Uliza mambo yanayojibika: Jana jioni mlikula nini? Ulilala na nani? Leo nani amekuamsha? Haya matatu yanafungua nyumba nzima bila mtoto kuhisi anamsema mtu. Jibu "nililala kwa jirani" kwa mtoto ambaye mama yake yupo linatosha kuuliza swali la nne.

Akisema "nikikuambia usimwambie mtu", usikubali. Mwambie: "Nitamwambia yule tu anayeweza kukusaidia, na nitakujulisha ni nani." Anaweza kunyamaza siku hiyo. Ni afadhali kuliko kumwahidi siri halafu ukaivunja.

Akieleza kwamba kuna mtu anamuumiza au anamshika vibaya, msikilize mpaka amalize, usimrudishe arudie mbele ya walimu wengine. Andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe na saa, bila kuongeza tafsiri yako. Usimpigie mzazi kwanza ikiwa anayetajwa anaishi nyumba hiyo. Taarifa inakwenda kwa afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116 ya huduma kwa mtoto haina malipo. Kama ni ubakaji au ulawiti, mtoto afike hospitali upesi, kwa sababu dawa za kumkinga na VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Asiogeshwe wala kubadilishwa nguo. Kikao cha kusuluhisha familia mbili hakina nafasi hapa, hata kikiitishwa na watu wenye heshima parokiani.

Kitubio nacho kiwe mahali pake. Padre amefungwa na muhuri wa kitubio. Alichosikia pale hawezi kumpelekea mwalimu mkuu wala polisi. Anaweza kumsihi mtoto akamwambie mtu mzima mwingine, na huyo mtu awepo. Shule inayosema "sisi tuna padre, watoto wanamweleza yote" imemwacha mtoto njiani. Maungamo ya watoto yafanyike kanisani mahali pa wazi, wengine wakiwa kwenye mabenchi.

Viboko

Kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Kiranja mwenye fimbo getini hayumo katika kanuni hizo. Msimamo wangu ni kwamba fimbo iondoke kabisa, na sababu ni ya kiutendaji pia: mtoto aliyechelewa kwa kuvalisha wadogo zake, akijua getini kuna fimbo, anageuza njia na kushinda mwaloni. Umempoteza siku nzima kwa ajili ya dakika ishirini. Aandikwe C, aingie darasani, mwalimu wa familia amfuatilie.

Tumbo na mwili

Kwa watoto 100, uji wa maji lita 30, unga kilo 5 na sukari kilo 2 unampa kila mmoja kikombe cha mililita 300. Unga ukorogwe kwanza na maji baridi, ndipo umiminwe kwenye maji yanayochemka. Ukimwagwa mkavu unafanya madonge na chini unaungua. Dagaa wa kusaga usiwatie kwenye uji, watoto watauacha kwa harufu. Watie kwenye maharage ya mchana. Aliyeshindwa mchango asitolewe mstarini. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zinaweza kubeba vikombe hivyo kwa matoleo ya mavuno, ila jina la mtoto lisitajwe jumuiyani.

Kuna shule zinazofuta uji Ijumaa za Kwaresima ili watoto "wajifunze kufunga". Sheria ya Kanisa haiwadai hivyo: kuacha nyama kunaanza kumbana mtu akitimiza miaka 14, na kufunga akishakuwa mtu mzima wa miaka 18. Mtoto wa miaka minane ajifunze kumgawia mwenzake. Uji wake aunywe.

Sikoseli ni ugonjwa wa kanda hii hasa, na kila shule iwe na orodha ya wenye nao. Mtoto huyo awe na chupa ya maji darasani na aruhusiwe chooni kila anapoomba, kwa kuwa figo zake hupitisha mkojo mwingi. Ndiyo sababu pia akikojoa kitandani bwenini si uzembe. Asiogeshwe maji ya baridi alfajiri, asikimbizwe mpaka achoke. Akipata homa ya nyuzi 38 na zaidi ni hospitali saa hiyo hiyo, si Panadol na kitanda. Macho yake yanaweza kuwa ya manjano, na wenzake watamtania. Familia yake ya shule ielezwe mapema, naye akiwa ameridhia.

Kichocho nitakipitia kwa ufupi. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, kuanzia kama saa nne hadi saa nane mchana, na huo ndio muda ambao watoto hutorokea ziwani kuogelea. Maji ya ziwa ya kufanyia usafi yakitulizwa kwenye tangi siku mbili, vijidudu hivyo vinakufa. Siku ya dawa watoto wale kwanza. Wengi wanaotapika na kuona kizunguzungu wamemeza vidonge na tumbo tupu, na kesho yake wazazi wanawaficha wengine.

Komunyo ya Kwanza na misiba

Gauni jeupe na sherehe vimewafanya wazazi wengine wawaondoe watoto kwenye mafundisho wiki za mwisho. Paroko na shule waamue tangu Januari: sare ya shule iliyofuliwa na kitambaa cheupe begani, kwa wote, hata kwa mtoto wa mwenye uwezo.

Msiba wa mzazi ukitokea, na huku ziwa limetuzoesha misiba ya ghafla, mwalimu wa familia aende msibani na watoto wawili watatu wakubwa. Mtoto akirudi shuleni asisimamishwe mstarini kupewa rambirambi. Akute dawati lake halijachukuliwa na notisi zake zimenakiliwa na mwenzake. Kwa majuma kadhaa herufi zake zisomwe kila siku, hasa U.

Mwezi Desemba, kabla ya kufunga, mwalimu wa darasa anakabidhi daftari dogo kwa mwalimu anayepokea, mdomo kwa mdomo, mtoto mmoja mmoja. Yaliyosemwa chini ya mwembe hayaandikwi humo. Yana faili lake, kwenye kabati lenye kufuli, na funguo ziwe kwa watu wawili.