Magofu ya ngome Japani: mbona unakuta mawe matupu?

Ukisikia mtu anaenda kuona magofu ya ngome Japani usitegemee ghorofa nyeupe yenye mapaa yaliyopinda kama ile ngome maarufu ya Himeji, mara nyingi unakuta kuta za mawe tu juu ya kilima na nyasi zimeota, na wala siyo kwamba watu wamezembea kutunza. Ngome za kule zilikuwa na msingi mkubwa wa mawe chini, na juu majengo ya mbao, udongo na vigae, sasa mbao zikiungua au zikivunjwa kinachobaki ni kile cha chini, ndo gofu lenyewe hilo. Minara mikuu ya asili iliyobaki nchi nzima ni 12 tu.

Nyingine ziliisha vitani. Nyingine zilivunjwa baada ya 1615, utawala wa kijeshi wa ukoo wa Tokugawa ulipoamuru kila mtawala wa jimbo abaki na ngome moja, halafu 1873 serikali mpya ya mfalme Meiji nayo ikazifuta nyingi, zikauzwa au kubomolewa.

Mimi naipenda ngome ya Azuchi, pale karibu na ziwa Biwa. Mbabe wa vita Oda Nobunaga alianza kuijenga 1576, akasalitiwa akafa Kyoto 1582 na mnara ukaungua siku chache baadaye. Leo unapanda ngazi ndefu za mawe, na ukiangalia vizuri unapokanyaga kuna mawe yamechongwa sanamu za Buddha, yani mafundi walibeba jiwe lolote walilopata wakalipachika. Kule juu mawe ya msingi bado yamepangwa kwa mistari, kila moja lilibeba nguzo yake, isipokuwa katikati kabisa ambapo kuna shimo, na wataalamu bado wanabishana lilikuwa la nini.

Na hizo kuta zenyewe ziangalie kwa karibu jamani, hazina saruji! Nyuma ya mawe makubwa wamejaza kokoto ili maji ya mvua yapite yasije yakausukuma ukuta, na kwenye kona mawe marefu yanapishana, moja linaelekea huku, la juu yake kule, ndo maana kona inashikana.

Ngome ya Takeda, mkoa wa Hyogo, ndo ile ambayo kwenye picha nyingi inaonekana kama inaelea juu ya ukungu asubuhi za vuli. Ila picha hizo hupigwa kutoka mlima wa ng'ambo, kwahiyo kama unataka huo ukungu panda kule kwanza alfajiri, ngome yenyewe utaiingia baadaye jua likishatoka.