Jumbe ni zile zile ila grupu limebadilika

Juzi mama mkubwa kaniuliza ivi kazi yako hasa nini, nkamwambia nahesabu nani anamjibu nani. Akacheka, "kumbe umbea wa kusomea!" Sio uongo sana.

Chukua grupu la WhatsApp la wakulima wa mwani, mfano kule Paje. Yaloandikwa sisomi, nachukua tu nani kamjibu nani na lini: mtu nukta, jibu mstari. Natafuta siku grupu linapobadilika. Tuseme kwa kawaida ni majibu 40 kwa siku na mtawanyiko 8, yani siku nyingi hazipandi wala kushuka zaidi ya kama 8 hivi. Chati ya Shewhart ya 1924, ile ya kukagua ubora viwandani, inapiga kengele ukipita mitawanyiko mitatu, yani chini ya 16. Sasa grupu likipoa likawa 32 kila siku, chati italala tu.

Ndo mana napenda chati ya Page ya 1954, inajumlisha upungufu wa kila siku, kama kibubu vile. 32 iko mtawanyiko mmoja chini, unasamehe nusu, nusu ilobaki unatia kibubuni, kesho tena, siku ya nane kina 4 na kama mpaka umeuweka hapo kengele inalia. Siku nzuri zinapunguza ila hakishuki chini ya sifuri.

Utamu wenyewe lakini ni 2011, watafiti McCulloh na Carley walipoitia hesabu hio kwenye umbo la mtandao, yani ule mchoro wa nukta na mistari. Kwasababu majibu yanaweza kubaki 40 zile zile, ila zamani kila mtu akimjibu mwenzake na skuizi yote yanapita kwa katibu peke yake, na ukihesabu jumbe tu huoni kitu.

Ila kujua kawaida ya grupu ndo shughuli. Bamvua wote wako shamba, kimya, kwahio mie nafata maji sio Jumatatu na Jumanne. Ramadhani mchana hakuna mtu, baada ya tarawehe mpaka daku simu zinawaka, mara ya kwanza nlidhani grupu limevunjika wallahi. Na usilinganishe na wiki hio hio ya mwaka jana, mwezi ushasogea siku 10 au 11.

Halafu usimwekee kila mtu chati yake. Mitawanyiko mitatu inakupa kengele ya uongo kama moja kwa siku 370, watu 30 ni karibu kila siku 12, unakimbilia kuuliza kulikoni unaambiwa simu yake imeingia maji ya bahari.